Makumbusho ya Bandari ya Unguja na Historia ya Nchi za Ziwa Tanganyika

UTANGULIZI

Msemaji wa Kiswahili aliyezaliwa Kalemie au Nyunzu, katika jimbo la Tanganyika la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huzoea kuambiwa tangu shuleni kwamba lugha anayoizungumza ilitoka pwani. Kauli hiyo ni ya kweli kwa kiasi chake. Lakini haisemi lugha ilisafiri vipi, ilibebwa na nani, wala waliobeba walikuwa watu wa namna gani machoni mwa wale waliowapokea. Njia mojawapo ya kuanza kuyajibu maswali hayo ni kuizuru bandari iliyokuwa kikomo cha njia za misafara upande wa bahari, yaani Mji Mkongwe wa Unguja, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000.

Mji huo ni mdogo, na mtu hutoka upande mmoja hadi wa pili kwa miguu bila kuchoka. Hata hivyo, katika eneo hilo dogo yamewahi kufunguliwa makumbusho kadhaa, kila moja likiwa na jengo lake, mkusanyiko wake na mwelekeo wake. Makala haya yanayaeleza yale yaliyo muhimu zaidi kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kisha yanauliza nchi za bara, hasa zile za Ziwa Tanganyika, zimewekwa wapi ndani yake. Hoja inayotetewa ni kwamba bara imo katika makumbusho hayo, ila imo bila majina. Na kwamba mwanafunzi wa lugha anacho chombo cha kuyarudisha baadhi ya majina hayo, nacho ni msamiati.

FORODHANI: MAJUMBA YA MASULTANI

Ziara huanza vizuri Forodhani, pembeni mwa bahari. Hapo ndipo Seyyid Barghash alipojenga Beit el Ajaib mwaka 1883, jumba refu lenye nguzo za chuma na varanda pana, la kwanza kisiwani kupata taa za umeme. Lilijengwa kwa ajili ya sherehe za dola, baadaye likawa ofisi za serikali chini ya Waingereza, na hatimaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni. Miongoni mwa vitu vilivyowavuta wageni humo ni mfano wa mtepe wa ukubwa halisi, chombo cha kale ambacho mbao zake hushonwa kwa kamba za makumbi pasipo kutumia msumari. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka na kuua watu. Msiba huo ulionyesha wazi kwamba katika mji wa aina hii jengo la makumbusho lenyewe ni kitu cha kuhifadhiwa, pengine kabla ya vitu vilivyomo ndani yake.

Jirani yake ni Beit el Sahel, kasri lililojengwa baada ya lile la awali kubomolewa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu kwa muda usiofika saa moja. Masultani waliishi humo hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na mwaka 1994 kasri likafunguliwa kuwa makumbusho. Maonyesho yake yalihusu maisha ya nyumbani ya ukoo wa kifalme: samani, picha, vyombo vya chakula, na vyumba vya Seyyid Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu 1911 hadi 1960. Chumba kimoja kilitengwa kwa ajili ya Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani.

Mtu akiyatazama majumba haya mawili pamoja huona dola iliyokabili bahari. Samani zimetoka Ulaya na Bara Hindi, mizinga ya shaba iliyo mlangoni mwa Beit el Ajaib imetoka kwa Wareno, na picha ni za wafalme na mabalozi. Lakini fedha iliyojenga yote hayo ilitoka kwa karafuu za visiwani na kwa ushuru wa bidhaa za bara, ya kwanza ikiwa pembe za ndovu. Tangu miaka ya 1870 pembe nyingi zilitoka magharibi ya Ziwa Tanganyika, hasa Manyema, zikavushwa ziwani hadi Ujiji, zikabebwa mabegani kupitia Tabora hadi Bagamoyo, na kutoka hapo zikaletwa Unguja kwa majahazi. Pembe huonekana; bega lililoibeba halionekani.

MKUNAZINI: SOKO NA KANISA

Kutoka Forodhani mgeni hupita katikati ya mji hadi Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na kabla ya mwaka huo kwisha ujenzi wa kanisa kuu la Kianglikana ulianza papo hapo. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, ambaye jina lake si geni kwa wasomaji wa taarifa hii: ndiye aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja pamoja na mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na Waunguja. Katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni hiyo, wachapaji walikuwa vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi wa vijana hao asili yao ilikuwa bara. Kwa hiyo, baadhi ya kurasa za kwanza za Kiswahili kwa hati za Kirumi zilipangwa, herufi kwa herufi, na mikono ya watu ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao.

Nje ya kanisa kuna sanamu za watu watano waliofungwa minyororo ndani ya shimo, kazi ya msanii wa Uswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Tangu mwaka 2016 pamekuwapo pia maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa katika Afrika Mashariki. Wageni huteremshwa katika vyumba viwili vya chini vyenye dari fupi, wakaambiwa kuwa watumwa waliwekwa humo kabla ya kuuzwa. Hapa msomi hana budi kuwa na hadhari. Jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni, lililojengwa baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaotilia shaka maelezo hayo. Shaka hiyo haipunguzi hata chembe ukweli wa soko lenyewe, ambao una ushahidi mwingi. Inachofundisha ni kwamba makumbusho husimulia, na msimulizi yeyote anaweza kuulizwa amepata wapi habari zake.

MNAZI MMOJA: BEIT EL AMANI

Kusini kidogo, Mnazi Mmoja, kuna Beit el Amani, jengo jeupe lenye kuba lililobuniwa na J. H. Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa miaka mingi hili ndilo lililokuwa makumbusho makuu ya kisiwa, lenye mchanganyiko wa sarafu, stempu, ufundi wa mikono na vitu vya wasafiri wa Kizungu. Mojawapo ya vitu vilivyojulikana sana humo ni sanduku la dawa la David Livingstone.

Sanduku hilo lafaa kutazamwa kwa makini. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo. Watu wa msafara wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili wake, wakaubeba kwa zaidi ya kilomita 1,500 na kuufikisha Bagamoyo Februari 1874. Lugha iliyowaunganisha watu hao, waliotoka makabila mbalimbali, ilikuwa Kiswahili. Walipokuwa wakishauriana, wakigombana juu ya njia, au wakiomba ruhusa ya kupita katika nchi ya mtemi fulani, walikuwa wakifanya kazi ile ile ya kuieneza lugha ambayo maelfu ya wapagazi wengine waliifanya bila kuandikwa popote. Sanduku limehifadhiwa kwa sababu ya mwenyewe.

SHANGANI: NYUMBA ISIYO MAKUMBUSHO

Upande wa Shangani ipo nyumba ambayo kwa miaka mingi ilikaliwa na familia za kawaida, ingawa wageni huonyeshwa mlango wake wa nakshi. Ilikuwa ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Kwa mtu wa Tanganyika au Maniema nyumba hii ina uzito kuliko majumba yote yaliyotajwa. Mwenye nyumba alifanya biashara na vita magharibi ya ziwa kwa miaka mingi, akaimarisha ngome yake Kasongo, na mwaka 1887 akakubali kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akazichapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Ni maandishi ya thamani kubwa katika nathari ya Kiswahili ya kale. Lakini ni maandishi ya mshindi: pembe zinahesabiwa humo kwa uangalifu kuliko watu.

NENO LILILOKOSEKANA KABATINI

Lipo neno moja ambalo lingestahili kabati yake katika makumbusho haya, nalo ni *mwungwana*. Pwani neno hili lilimtaja mtu huru, mwenye asili na adabu za mjini, kinyume cha mtumwa. Bara hali ilikuwa tofauti. Watu wote wa msafara waliotoka pwani, wenye kanzu, bunduki na Kiswahili, waliitwa waungwana, na wao wenyewe walijiita hivyo. Ilhali wengi wao huko Unguja na Bagamoyo walikuwa bado watumwa wa mabwana zao. Mtu aliyepita Mkunazini akiwa hana uhuru aliweza kuingia Ujiji au kuvuka ziwa akiwa mwungwana. Kutoka neno hilo lilizaliwa jina Kingwana, lililotumiwa kwa muda mrefu kukiita Kiswahili cha mashariki ya Kongo.

Mabadiliko hayo ya maana yana historia ndani yake. Yanaonyesha kwamba lugha haikuletwa Tanganyika na matajiri peke yao. Ililetwa pia na watu walioitumia kujipatia heshima waliyonyimwa kwao, na ikapokewa na wenyeji ambao baadhi yao walijifunza ili wafanye biashara na wengine ili wasalimike. Baadaye kazi hiyo iliendelezwa na wamisionari, na kisha na reli ya kutoka Kabalo kupitia Nyunzu hadi ziwani, iliyokamilika mwaka 1915 wakati Kalemie ikiitwa Albertville. Wataalamu walipokutana Mombasa mwaka 1928 na kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kiswahili cha magharibi ya ziwa kilikuwa tayari kimeshapata watoto na wajukuu.

VITU VYA ZIWANI VIKO WAPI?

Ng'ambo ya ziwa, Ujiji, kuna makumbusho madogo mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Humo pia sanamu kuu ni za wageni wawili wanaosalimiana. Upande wa Kongo, vitu vingi vilivyoweza kuisimulia historia vilikwishaondoka zamani. Mfano ulio mchungu ni wa Lusinga, mkuu wa Watabwa wa karibu na Mpala, kusini ya Kalemie. Desemba 1884 watu wa Émile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyekuwa na kituo Mpala, walikivamia kijiji chake, wakamwua na kumkata kichwa. Sanamu ya mbao ya Lusinga imo katika mikusanyiko ya makumbusho ya Tervuren, na fuvu lake lilihifadhiwa Brussels katika taasisi ya sayansi ya viumbe. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Sheria hiyo ni hatua, ingawa mabaki ya binadamu hayakuwekwa ndani yake.

HITIMISHO

Makumbusho ya Unguja yanafaa kuzuriwa, na mwanafunzi wa Kiswahili atakayepata nafasi asiikose. Utaratibu ulio bora ni kuanza Forodhani, kupita Mkunazini na Mnazi Mmoja, na kumalizia Shangani. Katika kila chumba ayaulize mambo matatu: kitu hiki kilifikaje hapa, kilibebwa na nani, na mbebaji huyo alikiitaje kwa lugha yake?

Swali la tatu haliwezi kujibiwa Unguja peke yake. Majibu yake yamo vinywani mwa wazee wa Kalemie, Moba, Nyunzu na Kasongo: majina ya vitambaa na shanga za zamani, majina ya njia na vivuko, hadithi za ukoo zinazosema babu alikuja na msafara wa nani au alimkimbia nani. Chuo kinaweza kuyakusanya hayo bila kusubiri jengo wala sheria ya nchi nyingine. Kinachohitajika ni kinasa sauti, daftari, na wanafunzi wanaokwenda likizo makwao. Vitu vya kale vinaweza kungoja kurudishwa hata kwa miaka mingi zaidi, maana mti na pembe hudumu. Mzee wa miaka 80 hangoji.