Mtoto Aliyemeza Shanga: Grace Ogot na Hadithi ya Kutisha

Ukifika Mahagi, au ukivuka mpaka hadi Pakwach, hutakosa mtu wa kukusimulia habari ya ndugu wawili, Gipir na Nyabongo. Mmoja alichukua mkuki wa mwenzake akamchoma tembo, tembo akatokomea nao. Mwenye mkuki akakataa fidia yoyote ila mkuki ule ule. Ndugu yake akaufuata mpaka nchi ya tembo, na katika masimulizi mengi ni bibi mzee wa huko aliyemsaidia na kumpa shanga. Siku zikapita, mtoto wa yule mwenye mkuki akameza shanga moja. Sasa zamu ya kudai ikageuka: nataka shanga yangu, ile ile. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakaachana kwenye mto Nili.

Sisi tumezoea kuisoma kama habari ya uhamaji wa watu wa lugha za Lwo, ambao Waalur ni sehemu yao. Tuisome mara moja kama hadithi ya kutisha. Katika matoleo niliyoyasikia na kuyasoma, mtoto hana jina, na mama yake hasemi neno. Kinachojadiliwa ni haki ya wanaume wawili juu ya mali.

Hapo ndipo Grace Ogot anapotufaa. Alizaliwa Nyanza, Kenya, mwaka 1930, akasomea uuguzi Mengo, Kampala, kisha Uingereza, akafariki mwaka 2015. Mume wake, Bethwell Ogot, ndiye mwanahistoria aliyekusanya masimulizi ya wazee na kutoa kitabu cha historia ya Waluo wa kusini mwaka 1967. Yaani nyumba moja ilikuwa na watu wawili wanaochota kisima kimoja: mume akitafuta lini na wapi, mke akiuliza mtu alijisikiaje.

Hadithi yake fupi, *The Rain Came*, iliyotoka kwanza mwaka 1963 kwa jina jingine na kuingia katika mkusanyo *Land Without Thunder* wa 1968, ina muundo unaokaribiana sana na ule wa shanga. Mvua imekataa. Mtabiri anasema binti wa chifu atolewe kwa zimwi la ziwani. Hata jina la chifu, Labong'o, litamgutusha Mwalur. Lakini safari hii mtoto ana jina, Oganda, na mama ana jina, Minya. Ogot anamsimamisha Oganda nje, wazee wakizungumza ndani, naye anadhani wanapanga ndoa yake. Anawapima vijana mmoja mmoja kichwani. Sisi wasomaji tayari tunajua. Kwangu mimi zimwi halitishi hata nusu ya ukurasa huo, kwa sababu unaonyesha jinsi mazungumzo ya ndoa na mazungumzo ya kafara yanavyosikika sawasawa kwa msichana aliyeachwa nje ya mlango.

Katika *Tekayo*, ya mkusanyo huo huo, mla watu hatoki msituni kama katika ngano zetu. Ni babu, na wajukuu wameachwa mikononi mwake.

Mbinu hii si ya Afrika peke yake. Mary Shelley alianza *Frankenstein* mwaka 1816 akiwa na miaka 18, kitabu kikatoka 1818 bila jina lake. Nacho kinahusu kiumbe na baba aliyemkimbia. Karibu nasi zaidi, Mganda Jennifer Makumbi katika *Kintu* (2014) anafuata laana ya ukoo kuanzia mwaka 1750, na mmoja wa wanaoandamwa ni mwanamke anayefuatwa na pacha wake aliyekufa. Wanawake hawa wanaihamisha hofu kutoka porini na kuileta jikoni na chumbani.

Riwaya ya Ogot ya 1966, *The Promised Land*, inatugusa Ituri kwa uchungu zaidi. Ochola na mkewe Nyapol wanahamia Tanganyika kutafuta ardhi. Nyapol hakutaka kwenda. Wanafanikiwa, jirani mzee anawaonea kijicho, na Ochola anaota miiba mwili mzima. Mwishowe wanarudi kwao na kuacha mali. Wapo wasomaji wanaoona miiba hiyo imeharibu riwaya nzuri ya uhalisia. Mimi naona kinyume: bila miiba, tungebaki na mgogoro wa mashamba kati ya mwenyeji na mgeni, ambao hapa kwetu hauhitaji kuelezwa. Miiba inauandika juu ya ngozi.

Lakini kuna hatari, na haifai kuifunika. Mwezi Juni 2001, katika eneo la Aru, mamia ya watu waliuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Mtu anayeandika juu ya mchawi katika nchi yenye kumbukumbu hiyo hachezi. Ogot mwenyewe hakuwa salama kabisa: uchawi katika riwaya yake ni wa kweli, na mzee yule ana hatia. Ila tazama anavyompa sababu ya kibinadamu, wivu wa mali, na wala hamtwishi mwanamke mzee mzigo huo, kama desturi ya ngano nyingi ilivyo.

Tukirudi kwenye Kiswahili, uhalisia-ajabu tunaousoma darasani ni *Nagona* na *Mzingile* za Kezilahabi, *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed, *Bina-Adamu!* ya Wamitila. Ni vitabu vikubwa, na vyote vimeandikwa na wanaume. Wakati huohuo, wanaotisha watoto jioni kando ya moto ni bibi zetu na mama zetu. Wanafunzi wetu wakienda kukusanya masimulizi kwa ajili ya kazi ya mwisho wa masomo, huanzia kwa chifu na wazee wa baraza, na mara nyingi huishia hapohapo. Mwenye kwenda Mahagi mwaka huu anaweza kuanzia jikoni, aulize habari ya shanga, na aulize kama mama wa mtoto yule alikuwepo.

Oganda, kwa wasioisoma, hafiki kwa zimwi. Osinda, mpenzi wake, anamfuata na kumfunika vazi la majani ili wasionekane na mababu. Wanakimbia pamoja, na mvua inanyesha hata hivyo.