Makumbi ya Nazi Yafika Mashamba ya Maua



Ukisimama juu ya Wanale asubuhi na kuutazama mji wa Mbale ulio chini yako, hutaona shamba la minazi hata moja. Huku kwetu ni nchi ya kahawa na ndizi, na ukishuka kuelekea Jinja unakutana na miwa. Mnazi ni mti wa pwani. Hata hivyo makumbi ya nazi yamefika Uganda, tena kwa meli kutoka Sri Lanka na India, na wanaoyashika kwa mikono ni wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Victoria. Yeyote kati yetu atakayekwenda kutafuta kazi huko atakutana nayo. Basi inafaa tuyajue.

Kumbi la nazi lina vitu viwili. Kwanza ni nyuzi, yaani usumba, ambazo wenzetu wa Unguja na Mombasa wamezisokota kamba tangu zamani. Pili ni unga wa kahawia unaozishikanisha nyuzi hizo. Kwa miaka mingi viwanda vilichukua nyuzi kwa ajili ya kamba, mazulia na magodoro, na unga ukatupwa malundo kwa malundo. Kuanzia miaka ya 1980 wakulima wa maua wa Ulaya wakaanza kuununua. Unga huo hushika maji yapata mara nane ya uzito wake, na bado huacha hewa ifike kwenye mizizi. Hukandamizwa ukawa tofali. Tofali la kilo 5 likitiwa maji hufura likajaza ndoo tatu za lita 20.

Sumu iliyoondoka

Zamani, kabla ya kupanda waridi, mashamba mengi ya Afrika Mashariki yalifukiza udongo kwa gesi iitwayo methili bromidi ili kuua minyoo, ukungu na magugu. Gesi hiyo haina rangi, na mtu aweza kuivuta bila kujua. Huharibu mapafu na mishipa ya fahamu. Tena huharibu ozoni, lile tabaka la angani linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Kwa sababu hiyo, mwaka 1992 iliingizwa katika Mkataba wa Montreal wa 1987, na nchi zinazoendelea zikatakiwa kuiacha mashambani ifikapo tarehe 1 Januari 2015, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu.

Mashamba yakatafuta njia nyingine. Mengine yaliuunguza udongo kwa mvuke. Mengine yaliuacha udongo kabisa, yakapanda katika mifuko ya makumbi au ya vijiwe vyepesi vya volkano. Kwa mfanyakazi huo ni ushindi mkubwa, ingawa haukupatikana kwa ajili yake.

Hatari iliyobaki

Makumbi makavu ni vumbi. Anayevunja matofali na kujaza mifuko kutwa nzima hulivuta puani na kulipata machoni. Kinga yake ni nyepesi: lowesha kwanza, vunja baadaye, na barakoa iwepo.

Jambo la pili ni chumvi. Makumbi mengi hulowekwa katika maji ya chumvi ya pwani. Yasiposuuzwa vizuri kwa maji baridi, kingo za majani huungua, na anayelaumiwa ni mpandaji. Mpandaji anayejua hili aweza kujitetea.

La tatu, makumbi hayana chakula cha mmea cha kutosha. Mbolea huja ndani ya maji ya bomba, kila siku, kwa kipimo. Bomba likiziba siku ya jua kali, mimea hunyauka upesi. Basi mtu wa pampu na mbolea anafanya kazi ya fundi. Kwa nini alipwe kama kibarua?

Na sisi huku?

Vitalu vyetu vya miche ya kahawa hujaza vifuko kwa udongo wa juu, ule ulio bora, unaochotwa katika miteremko hii hii. Waliouona Mlima Elgon ukiporomoka Bududa mwaka 2010 wanajua kuwa udongo wa mlimani si kitu cha kuchezea. Makumbi ya ng'ambo ni ghali kwa mkulima mdogo. Lakini viwanda vya kukoboa vina maganda ya kahawa, na karibu na Jinja kuna makapi ya miwa, ingawa mengi huko Kakira huchomwa kutoa umeme. Vitu hivi visitumike vibichi, maana vitaunguza mizizi. Vichanganywe na samadi, vinyunyiziwe maji, vigeuzwe mara kwa mara mpaka vipoe kabisa na kuwa vyeusi. Halafu jaribu kwa miche michache kwanza, sehemu moja mboji na sehemu moja udongo.

Ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi. Katika mkutano ujao wa tawi tuulize mambo matatu: barakoa ziko wapi, maji ya kuloweshea yako wapi, na daraja la mshahara la mtu wa pampu ni lipi? Majibu yaandikwe katika mkataba wa pamoja, si kwa mdomo tu.

Umoja ni nguvu.