Mtoto Amekaa Kitako! Tufanye Nini?

Safari hii tuzungumzie jambo ambalo vijana wengi hulisikia likinong'onwa nyumbani na watu wazima, halafu hakuna anayewaeleza maana yake.

Siku moja nilikuwa nimemaliza kipindi cha afya ya uzazi katika shule moja ya sekondari hapa Tanzania. Wenzake walipokwisha kutoka, msichana mmoja wa kidato cha tatu akabaki nyuma, anazungusha kalamu mkononi.

"Shikamoo dada. Naomba kukuuliza kitu," akasema. "Dada yangu ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Kliniki wamemwambia mtoto amekaa kitako, kichwa kiko juu. Mama mkwe wake anasema ataitwa bibi mmoja amkande tumbo mpaka mtoto ageuke. Je, dada yangu atakufa?"

Sikumjibu haraka. Nilivuta kiti, tukakaa. Swali lake ndilo lililonifanya niandike makala hii, maana najua hayuko peke yake.

MTOTO HUKAAJE TUMBONI?

Mimba huhesabiwa kwa wiki, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na kwa kawaida hufikia wiki 40. Miezi ya mwanzo mtoto ni mdogo na nafasi ni kubwa. Anaelea kwenye maji ya uzazi na kujipindua apendavyo: leo kichwa juu, kesho kichwa chini. Kadiri anavyokua nafasi hupungua, na watoto wengi hugeuka, kichwa kikaelekea chini kwenye njia ya uzazi.

Angalieni hesabu hii. Kwenye wiki ya 28, kati ya watoto 100, kama 20 hadi 25 bado wamekaa matako chini. Mimba inapotimia wanabaki 3 au 4 tu. Wengi wamejigeuza wenyewe, bila kukandwa na mtu.

Kwa hiyo ukisikia mtoto amekaa kitako mimba ikiwa ya miezi sita au saba, usianze kulia. Lakini ikifika wiki ya 36 na bado yuko hivyo, nafasi ya kujigeuza imekuwa ndogo. Hapo ndipo mipango inapotakiwa.

Mkunga hujuaje? Hupapasa tumbo kutafuta kichwa, ambacho ni kigumu na cha mviringo, na husikiliza mapigo ya moyo wa mtoto yanasikika zaidi sehemu gani. Akiwa na wasiwasi, ultrasaundi huonyesha wazi. Wengine hukaa miguu imenyooka kuelekea usoni, wengine wamekunja magoti, na wachache hutanguliza mguu mmoja au yote miwili.

NI KOSA LA NANI?

Si kosa la mtu. Utasikia ati mama alibeba ndoo nzito, ati alimjibu vibaya mkwewe, ati amelogwa. Hayo yote si kweli. Mambo yanayojulikana kuchangia ni kama mapacha, mtoto kuja kabla ya wakati, maji ya uzazi kuwa mengi au machache mno, kondo la nyuma kukaa chini, au uvimbe na umbo la mji wa mimba. Mara nyingi sababu haionekani kabisa.

SASA HATARI IKO WAPI?

Kichwa ndicho sehemu kubwa na ngumu ya mtoto. Kikitangulia, kinapata saa nyingi za kujipenyeza kwenye nyonga na kufungua njia, mwili ukafuata kwa urahisi. Matako au miguu ikitangulia, mwili unaweza kupita kwenye njia ambayo haijafunguka vya kutosha, kisha kichwa kikakwama mwishoni. Wakati huo kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, kinabanwa na mtoto anakosa hewa. Hapo kila dakika ina thamani.

Hatari ya pili ni kiungamwana kuteleza na kutoka nje kabla ya mtoto, hasa miguu ikitangulia, kwa sababu miguu haizibi njia kama kichwa kinavyoziba.

Mtoto mwenyewe anaweza kuwa mzima kabisa. Shida iko kwenye kuzaliwa, na ndiyo maana mahali pa kujifungulia ni jambo kubwa kuliko yote.

NJIA ZILIZOPO

1. Kumgeuza kwa mikono. Kuanzia wiki ya 36 kwa mimba ya kwanza, na ya 37 kwa wengine, daktari aliyefundishwa anaweza kumgeuza mtoto kwa kusukuma tumbo kutoka nje. Hufanikiwa kwa karibu nusu ya akina mama, kidogo zaidi kwa waliokwisha kuzaa. Si kila mama anafaa. Mwenye mapacha, aliyetokwa na damu karibuni au ambaye chupa imepasuka, hafanyiwi.

2. Upasuaji uliopangwa. Mama hupewa tarehe, kwa kawaida kwenye wiki ya 39, na kujifungua kwa upasuaji bila kusubiri dharura. Utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 26 na kutolewa mwaka 2000 ulionyesha kuwa njia hii hupunguza vifo na majeraha kwa watoto. Lakini upasuaji nao huacha kovu kwenye mji wa mimba, kwa hiyo mimba zinazofuata lazima mama akajifungulie hospitali.

3. Njia ya kawaida. Inawezekana kwa baadhi ya akina mama, chini ya mkunga au daktari mzoefu, chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Utafiti wa Ufaransa na Ubelgiji uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kuwa mama akichaguliwa kwa makini na kuangaliwa vizuri, matokeo huwa mazuri. Si jambo la kujaribia nyumbani.

NA BIBI WA KUKANDA JE?

Mdogo wangu yule aliniuliza: "Kama daktari anageuza kwa mikono, na bibi anageuza kwa mikono, tofauti ni nini?" Swali zuri sana!

Daktari huangalia kwanza kwa ultrasaundi kondo la nyuma liko wapi. Mara nyingi hutoa dawa ya kulegeza mji wa mimba. Husikiliza moyo wa mtoto kabla na baada, na mapigo yakibadilika huacha mara moja. Kiasi cha mama 1 kati ya 200 huhitaji upasuaji wa haraka, ndiyo maana kazi hii hufanyiwa hospitali. Bibi ana nia njema na tunamheshimu, lakini mikono yake haioni ndani. Akikanda kwa nguvu kondo linaweza kubanduka, mama akavuja damu na mtoto akafa. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu nazo ni hatari vilevile.

WEWE MWANAFUNZI UFANYE NINI?

Usiseme "mimi mtoto tu, watanisikiliza nani?" Wewe unajua kusoma na kuhesabu. Kama mtoto amekaa kitako, basi na familia ikae kitako ipange:

- Soma kadi ya kliniki pamoja na mama. Ni wiki ya ngapi? Ya 36 itaangukia tarehe gani?
- Ulizeni kliniki: hospitali gani ya karibu inafanya upasuaji? Si kila zahanati au kituo cha afya kina uwezo huo.
- Wekeni akiba ya nauli, na muweke namba ya mwenye gari au bajaji anayekubali kuamshwa usiku.
- Nani atamsindikiza? Nani yuko tayari kuchangia damu?
- Kama hospitali ni mbali, mama asogee mapema akae kwa ndugu wa karibu na hospitali, au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua kama ipo.

Nendeni hospitali mara moja, usiku au mchana, kama uchungu umeanza, chupa imepasuka, damu inatoka, au mtoto amepunguza kucheza. Kiungamwana kikionekana, msikirudishe ndani. Mama apige magoti, kifua chini na makalio juu, wakati usafiri unatafutwa. Na mtoto akianza kutoka njiani, msimvute kamwe. Kumvuta hupandisha mikono yake juu na kukwamisha kichwa.

ILIKUWAJE BAADAYE?

Msichana yule alirudi nyumbani akahesabu wiki na dada yake. Kisha akamwendea mama mkwe, si kwa kubishana. Alimwamkia, akamwomba: "Mama, twende wote kliniki ukawasikie mwenyewe." Mama yule akaenda. Akauliza maswali yake yote, na mkunga akamjibu moja moja.

Hospitali walijaribu kumgeuza mtoto, akakataa. Basi wakapanga upasuaji. Miezi michache baadaye nilipita tena shuleni, nikaambiwa nimepata mpwa wa kike. Walishauriwa pia wampeleke akapimwe nyonga, kwa kuwa watoto waliokaa kitako hupata zaidi tatizo la kiungo hicho, nalo hutibika vizuri likigunduliwa mapema. Na nani alimbeba mtoto kwenda kupimwa? Mama mkwe!

Sikumpa msichana yule dawa yoyote. Nilimpa maelezo tu, kama nilivyokupa wewe leo. Nyumbani kwenu yuko mjamzito? Muulize leo: "Una wiki ngapi, na mtoto amelalaje?"

JADILINI DARASANI: Kutoka kijijini kwenu hadi hospitali inayofanya upasuaji ni mwendo wa saa ngapi, usiku wa mvua?