Samaki Dhaifu wa Japani na Omena Wetu

Mtu apimiwapo kopo la omena katika soko la Khwisero hupata samaki wengi kwa mara moja, wala hakuna amhesabuye mmoja mmoja. Ni samaki mdogo kama kidole, na wako wamdharauo kwa udogo wake. Huko Japani nako yuko samaki mdogo wa bahari, afananaye na dagaa wa pwani, aitwaye iwashi. Jinsi jina lake liandikwavyo yafaa kuelezwa.

Pamoja na herufi za sauti, Wajapani hutumia alama nyingi zilizotoka China, na kila alama ina maana yake. Alama ya samaki ilianza kuwa picha. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita Wachina walimchora samaki juu ya mifupa na magamba ya kobe. Baadaye picha ile ikageuka kuwa mistari: sehemu ya juu ni kichwa, ya katikati, mfano wa shamba lililokatwa vipande vinne, ni mwili, na vistari vinne vya chini ndivyo mkia.

Lakini alama ya iwashi Wajapani waliitunga wenyewe. Waliweka alama ya samaki upande wa kushoto, na kulia alama ya neno “dhaifu”. Alama hiyo ni ya kale, kwani imeonekana katika vibao vya mti vilivyochimbuliwa Nara, penye makao ya Nagaya, mjukuu wa mfalme, aliyefariki mwaka 729. Maelezo yanayosikika sana ni kwamba samaki huyu hufa mara atolewapo majini, na huoza upesi.

Omena naye ni vivyo hivyo. Wavuvi wa Ziwa Victoria humvua usiku kwa mwanga wa taa, na kunapokucha humwanika juani asiharibike. Jina omena ni la Kijaluo; Waganda humwita mukene; na wataalamu walimpa jina la Kilatini lenye maana ya rangi ya fedha. Kila watu walitazama jambo lao.

Je, samaki huyu ni dhaifu kweli? Mbuta, samaki mkubwa alaye wenziwe, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Kufika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, na aina nyingi za fulu zikatoweka. Omena hakutoweka, bali alizidi, kwa kuwa huzaliana upesi.

Wajapani nao hawamdharau iwashi. Kila mwaka, mwanzoni mwa Februari, baadhi yao huweka kichwa chake mlangoni ili kuwafukuza mashetani. Basi alama ile yaeleza jinsi samaki mmoja afavyo mkononi mwa mvuvi. Haielezi jinsi walio wengi waishivyo na kulisha watu. Haba na haba hujaza kibaba.