Nyumba Zilizojengwa kwa Ajili ya Moto

Mwanafunzi anayefika Leeds, Uingereza, mwezi wa Septemba hukuta jua bado lipo, chumba kimepakwa rangi upya, na wakala ana haraka ya kumkabidhi funguo. Hyde Park na Headingley, mitaa wanayopanga wanafunzi wengi, hupendeza sana wakati huo. Shida huanza Novemba. Asubuhi kioo cha dirisha kinatiririka maji, godoro lina ubaridi upande wa ukutani, na siku ya kusogeza kabati mtu anakuta madoa meusi yamepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno. Akipiga simu kwa wakala anaambiwa: unapika sana, unaanika nguo ndani, hufungui dirisha.

Nimewasikia Watanzania, Wakenya na Wakongo wakiambiwa maneno hayo, na wengi huyapokea kwa aibu, kana kwamba wameleta uchafu kwenye nyumba ya watu. Ndiyo sababu naandika. Unyevu ule ulikuwapo kabla ya mkataba wako. Ukijua ulikotoka, utajua pia lipi unaweza kulifanya mwenyewe na lipi ni wajibu wa mwenye nyumba.

Nyumba nyingi za mitaa ile zilijengwa enzi za Malkia Victoria na miaka michache iliyofuata. Ukuta wake ni matofali matupu, unene wa kama sentimita 23, bila uwazi katikati na bila kitu chochote cha kuzuia joto lisitoke. Ukuta wa namna hiyo hupoteza joto karibu mara kumi ya ukuta wa nyumba inayojengwa leo. Waliozijenga walijua kazi yao. Walitegemea moto wa makaa ya mawe: hata vyumba vya kulala vilikuwa na meko madogo. Moto ulikausha ukuta, na dohani ikavuta hewa ya ndani pamoja na mvuke wake hadi juu ya paa, huku hewa mpya ikipenya kwenye nyufa za madirisha ya mbao. Matofali yenyewe yaliunganishwa kwa chokaa, ambayo hunywa maji ya mvua kidogo kisha huyaachia jua likitoka. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua vizuri tabia hiyo ya chokaa. Wanajua pia kinachoupata ukuta wa mawe ya matumbawe ukipigwa lipu ya saruji: maji hubaki ndani, na chumvi huanza kuula.

Kisha moto ukazimwa. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ilianza kuyaondoa makaa mijini baada ya moshi kuua maelfu ya watu London mwaka 1952. Kati ya 1967 na 1977 nchi nzima ilihamishiwa kwenye gesi ya Bahari ya Kaskazini, na hita za maji ya moto zikachukua nafasi ya meko. Meko yakazibwa kwa mbao au matofali. Madirisha ya mbao yakang'olewa, yakaja ya plastiki yenye vioo viwili yasiyopitisha hata uzi wa upepo. Sehemu nyingine chokaa kati ya matofali ilikwanguliwa, ikajazwa saruji. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri, na nyingine ziliokoa maisha. Lakini kwa pamoja ziliifunga nyumba iliyoundwa kupitisha hewa, na ukuta ukabaki na ubaridi ule ule wa mwanzo.

Baadaye zikaja nyumba za wanafunzi. Sebule ya mbele ikageuzwa chumba cha kulala. Chumba cha chini ya ardhi, kilichokuwa stoo ya makaa, nacho kikawekewa kitanda na kidirisha chembamba usawa wa barabara. Sasa watu sita wanaoga, wanapika na kufua ndani ya nyumba ambayo hita zake huwashwa kwa saa chache tu kwa siku.

Leeds ina aina moja ya nyumba inayostahili kutajwa peke yake: zile zilizogeuziana migongo. Nyumba moja inatazama mtaa huu na nyingine inatazama mtaa wa pili, na ukuta wa nyuma ni wa zote mbili. Zikiwa kwenye safu, kila nyumba imepakana na majirani pande tatu na ina madirisha upande mmoja pekee. Bunge lilipiga marufuku ujenzi wa namna hiyo mwaka 1909 kwa sababu za afya, hasa kwamba hewa haiwezi kuingia upande mmoja na kutokea mwingine. Leeds, ikitumia vibali vilivyokuwa vimeshatolewa, iliendelea kuzijenga hadi 1937. Maelfu bado zipo, na baadhi hupangishwa wanafunzi. Ukiishi humo, usijilaumu kwamba hewa haitembei. Haikupewa njia ya kutembea.

Sasa hewa yenyewe, maana hapa ndipo sisi tuliokulia kwenye joto tunapotea. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba hadi gramu 17 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10, haiwezi kubeba zaidi ya 9 na kidogo. Maji yanayozidi lazima yashuke mahali, nayo hushuka pale penye baridi kuliko pote: kwenye kioo, kwenye kona ya dari, kwenye ukuta wa nje uliofichwa na kabati. Ni kama jasho la chupa ya soda iliyotoka kwenye friji mchana wa Kariakoo. Tena kuvu, yaani yale madoa meusi, haingoji hata matone yaonekane. Uso wa ukuta ukikaa kwenye unyevu wa asilimia 80 kwa muda, yatosha.

Watu wa pwani huniuliza: nitafungua vipi dirisha wakati nje kunanyesha? Si nitaingiza maji? Mombasa au Dar es Salaam swali hilo lina mantiki, kwa sababu hewa ya nje ya huko hubeba gramu 20 na zaidi katika kila mita ya ujazo. Leeds mwezi wa Januari, hewa ya nyuzi 5, hata mvua ikiwa inanyesha, haiwezi kubeba hata gramu 7. Ikiingia ndani na kupashwa moto hadi nyuzi 18, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 50. Kwa hiyo fungua dirisha wazi kabisa kwa dakika kumi asubuhi, mlango nao ukiwa wazi, kisha funga. Dirisha lililoachwa na ufa mwembamba kutwa nzima hupoza ukuta bila kubadilisha hewa ya kutosha.

Nguo ndizo adui mkubwa kuliko upishi. Mzigo mmoja uliotoka mashine ya kufulia unaweza kuachia lita mbili za maji ukikauka chumbani. Ukiweza, peleka nguo dobi penye mashine za kukaushia. Usipoweza, zianike bafuni, feni ya kutoa hewa ikiwa imewashwa na mlango umefungwa. Kabati lisogeze sentimita kumi kutoka ukuta wa nje, au lihamishie ukuta wa ndani. Kitanda vivyo hivyo. Asubuhi futa maji ya dirishani kwa kitambaa, na kitambaa ukikamulie kwenye sinki. Ukikianika juu ya hita umeyarudisha maji yale yale hewani.

Kuhusu joto, nitasema wazi: ushauri wa kupasha chumba moto siku nzima ni rahisi kutolewa na mtu asiyelipa bili yako. Umeme Uingereza hugharimu takriban mara nne ya gesi kwa kila yuniti, na nyumba nyingine zina mita ya kulipia kabla, ile ile hesabu ya LUKU tuliyoizoea nyumbani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ndani ya nyumba pasipungue nyuzi 18. Kama gesi haitoshi, pesa ya umeme itumie kwa akili. Hita ya feni ya kilowati mbili hula yuniti nane kwa saa nne. Blanketi la umeme hula chini ya yuniti moja usiku kucha, na linakupasha wewe, ingawa ukuta halitaukausha. Mashine ya kunyonya unyevu ya wati 200 hula yuniti moja kwa saa tano, na maji unayoyamwaga kutoka kwenye tangi lake ni maji ambayo yangekuwa ukutani. Kwa nyumba ya watu watano au sita wanaochangia, hiyo ndiyo ningenunua kwanza.

Hita za gesi ya mtungi ziepuke: gesi ikiungua hutoa mvuke mwingi, zaidi ya uzito wa gesi yenyewe. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani kamwe, hata usiku mmoja, hata limebaki makaa mekundu tu. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na chumba kilichozibwa vizuri huua haraka.

Madoa yaliyokwisha kuota yasafishwe kwa dawa ya kuua kuvu, ukiwa na glavu na barakoa, dirisha wazi. Usiyasugue yakiwa makavu, yatarusha vumbi lake hewani. Mwenye pumu amwachie mwingine kazi hiyo. Na usikubali kupaka rangi juu yake.

Neno hilo la rangi lina uzito Uingereza. Mwaka 2017 baba mmoja kutoka Sudan, mpangaji wa nyumba ya jamii (ya kodi nafuu, isiyo ya mwenye nyumba binafsi) huko Rochdale, aliripoti kuvu. Akaambiwa apake rangi. Desemba 2020 mwanawe Awaab Ishak alifariki akiwa na umri wa miaka miwili, na Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alithibitisha kwamba kuvu ya nyumba ile ndiyo iliyoharibu mfumo wake wa kupumua. Wenye nyumba walikiri kwamba walikuwa wamedhania tatizo ni mtindo wa maisha wa familia, na kwamba walikosea. Kila mpangaji mwenye asili ya Afrika anayeambiwa "unapika sana" anapaswa kuijua kesi hii.

Kwa miaka mingi sheria nayo haikusaidia. Katika kesi ya Quick dhidi ya Taff-Ely, miaka ya 1980, Mahakama ya Rufani iliona kwamba maji ya mvuke yaliyoozesha fanicha hayakuwa uharibifu wa jengo, hivyo mwenye nyumba hakulazimika kutengeneza kitu. Pengo hilo lilizibwa England na sheria ya 2018, iliyoanza kutumika Machi 2019: nyumba ya kupanga lazima ifae kukaliwa na binadamu, unyevu ukiwemo kwenye vigezo, na mpangaji anaweza kwenda mahakamani mwenyewe. Sheria ya Awaab, iliyoanza Oktoba 2025, inawapa wenye nyumba za jamii siku 10 za kazi kuchunguza unyevu wa hatari, na saa 24 ikiwa ni dharura. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imeweka msingi wa kuifikisha kwa wenye nyumba binafsi pia, ambao ndio wengi wetu tunapanga kwao.

Kwa hiyo andika, usipige simu tu. Barua pepe yenye tarehe, picha, na vipimo vya joto na unyevu vya wiki moja au mbili. Kipimio chake ni cha bei ndogo. Eleza kwamba unapitisha hewa na unawasha hita, na uulize kuhusu feni ya bafuni, mfereji wa mvua unaovuja, meko yaliyozibwa bila tundu la hewa. Wakikaa kimya, wasiliana na idara ya nyumba ya halmashauri ya jiji, ambayo inaweza kutuma afisa kukagua. Kwa ushauri Leeds kuna Unipol, shirika la hisani la makazi ya wanafunzi, na ofisi ya ushauri ya umoja wa wanafunzi. Malalamiko ya nyumba hayahusiani na viza yako.

Anayetafuta nyumba ya mwaka ujao ana bahati moja: mikataba ya wanafunzi Leeds huanza kutafutwa Novemba hadi Januari, kipindi ambacho nyumba haiwezi kuficha hali yake. Nenda jioni. Omba kusogeza kabati la ukuta wa nje, nusa chumba cha chini, na kabla wakala hajakuharakisha, waulize wanaoishi humo wanalipa bili ya gesi na umeme kiasi gani kwa mwezi na kama wanapata joto.