Saa Iliyorudi Nyuma: Kuifikia Kompyuta Kuukuu ya Ndugu Aliye Mbali

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu aishiye katika milima ya Lushoto, naye ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha kijijini kwake. Hesabu za kikundi zimo katika kompyuta ya mezani ambayo umri wake umepita miaka 15. Mimi niko Dar es Salaam, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kwa hiyo jambo linapomkwama huingia katika kompyuta yake kwa njia ya mtandao, nikaiona skrini yake mbele yangu na kuandika kana kwamba nimeketi kitini pake. Jumatatu moja njia hiyo ilifungika. Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya mgao, na hesabu zilikuwa hazijafungwa.

Kabla ya kutafuta ubovu, yampasa mtu kuijua njia yenyewe. Kila chombo kilichomo mtandaoni huhitaji anwani. Utaratibu wa zamani wa anwani, ambao bado unatumika sana, una nafasi 4,294,967,296 tu, idadi iliyo ndogo kuliko ile ya watu duniani. Ndiyo maana makampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, mfano wa nyumba ya wapangaji yenye mlango mmoja wa barabarani. Abishaye hodi kutoka nje hajulikani anataka chumba kipi. Kwa sababu hiyo, programu nyingi za kazi hii hazimwiti mwenyeji kutoka nje. Kompyuta zote mbili hutoka zenyewe, zikakutana kwenye seva ya kati, nayo ikaziunganisha.

Basi, nilianza na yaliyo rahisi. Simu ya mjomba ilikuwa ikipata mtandao kupitia modemu ileile. Modemu haikuwa na kosa. Kompyuta yangu iliweza kuunganishwa na nyingine ya hapa mjini kwa programu ileile. Seva nayo ilikuwa nzima. Ikabaki kompyuta ya mjomba.

"Mjomba," nilimwambia kwa simu, naye akaniitika "Naam, mjomba," maana sisi huitana hivyo kwa pande zote mbili, "hebu fungua ukurasa wowote wa mtandao." Kila ukurasa ulileta onyo kwamba mawasiliano si salama. Tovuti moja ikileta onyo, shaka huwa juu ya tovuti hiyo. Zikileta zote, shaka huwa juu ya anayezitazama. Nikamwomba anisomee saa iliyo pembeni mwa skrini.

"Saa nne na dakika kumi asubuhi." Wakati huo jua lilikuwa likizama. Nikauliza tarehe. Alikaa kimya kidogo, kisha akasoma: tarehe 1 Januari 2009.

Kompyuta huhesabu wakati kwa kipande cha fuwele ambacho kwa kawaida hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Umeme ukizimika, hesabu hiyo huendeshwa na betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, yenye nguvu ya volti 3. Betri ikifa, mtumiaji hatambui lolote maadamu umeme upo. Usiku wa kuamkia Jumatatu umeme ulikatika kijijini. Uliporudi asubuhi, kompyuta iliamka ikiwa imesahau wakati, ikaanza upya kwa tarehe iliyowekwa kiwandani. Mjomba hakuona, kwani nani husoma saa ya kompyuta hali ana simu mfukoni?

Lakini yahusianaje saa na mtandao? Mawasiliano ya siri huanza kwa seva kuonyesha cheti cha utambulisho, nacho kina tarehe mbili: ya kuanza na ya kwisha. Kuanzia Septemba 2020 cheti kipya cha tovuti hakikutakiwa kuzidi siku 398. Kwa kompyuta iliyodhani iko mwaka 2009, kila cheti ilichoonyeshwa kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Ikavikataa vyote, na kwa hakika ilitenda sawasawa na ilivyofundishwa.

Huenda msomaji akauliza kwa nini haikuisahihisha saa yake kwa mtandao. Kompyuta za nyumbani za Windows kwa kawaida hufanya hivyo, ila kwa kinga hukataa kusahihisha tofauti inayozidi muda wa saa 15. Tofauti ya miaka haisahihishwi ila kwa mkono.

Wapo waliokuwa wamenishauri nifungue mlango namba 3389 kwenye modemu na kuingia moja kwa moja. Mbali na kikwazo cha anwani nilichokwisha kukieleza, ushauri huo ni wa hatari. Windows 7, aitumiayo mjomba, iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Januari 2020, na mnamo Mei 2019 iligunduliwa kasoro iliyomwezesha mgeni kupita mlango huohuo bila nenosiri. Sisi hutumia nenosiri jipya kila mara, analonitajia kwa sauti baada ya kuisikia yangu.

Mjomba alirekebisha tarehe kwa mkono wake, na mara nikaingia. Hapo ndipo tulipoona jambo lililonitia baridi. Asubuhi ile alikuwa ameandika mikopo mitatu, na tarehe huijaza kwa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kompyuta ikaweka ya siku hiyo. Mikopo yote mitatu ilikuwa ya mwaka 2009. Saa ilipokuwa sahihi, jedwali lilimhesabu mama mmoja mkulima wa viazi, aliyekopa shilingi 200,000 siku hiyohiyo, kuwa amechelewa kulipa kwa zaidi ya miaka 15, na faini yake ilikuwa imeuzidi mkopo. Lau mjomba angechapa orodha ile na kuisoma mkutanoni, sijui angeeleza nini. Tulizisahihisha tarehe tatu kwa kuzilinganisha na stakabadhi za karatasi.

Jumanne alinunua betri kwa fundi saa mjini Lushoto, ambaye aliibadilisha kompyuta ikiwa imechomolewa umeme. Usiku huo mjomba aliiacha vivyo hivyo, haina umeme, kwa makusudi. Jumatano alfajiri alinipigia simu, na kabla sijatamka shikamoo alinisomea tarehe.