Askari Wetu Waliozikwa na Bahari

Ukifika Tengeru, chini ya Mlima Meru, utayaona makaburi ya Wapolandi, wakimbizi wa Vita Kuu ya Pili waliopokewa hapa kuanzia mwaka 1942. Yana majina, nayo yanatunzwa. Hilo ni jambo la utu. Lakini wako wana wa Afrika Mashariki waliokufa katika vita hivyo hivyo, na kaburi lao ni Bahari ya Hindi.

Mwanzoni mwa Februari, 1944, meli Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, ikiwa moja ya meli tano za msafara wa kijeshi. Ilichukua watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, wakipelekwa kupigana na Wajapani. Walikuwamo pia wanamaji na wauguzi wanawake.

Mchana wa Jumamosi, tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo. Ilizama kabla dakika mbili hazijatimia. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zikaangusha mabomu mahali pale pale, kwa kuchelea meli nyingine zisizamishwe. Hivyo baadhi ya walionusurika kwa adui waliuawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Nyambizi nayo ilizamishwa. Watu 1,297 walikufa. Waliopona ni 214 tu.

Askari wale walikwenda kwa amri ya serikali za kikoloni ambazo hawakuzichagua. Mzazi aliyengoja nyumbani hakupata hata udongo wa kushika.

Askari wa Afrika Mashariki waliopotea katika meli ile wanakumbukwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, katika Makaburi ya Vita ya Nairobi. Kutoka Arusha si mbali. Basi hufika kwa siku moja. Hapana budi walimu wetu wawaeleze vijana habari hii kila tarehe 12 Februari. Na kila ukoo uliompeleka mtu vitani asirudi, uwaulize wazee waliobaki na kuliandika jina lake. Bahari imekwisha kuchukua miili. Tusiiachie na majina.